Umefunga?

Nyumba ya baba imekaa juu ya jiwe,
kama nyumba nyingi za Kirumba zilizochelewa kupata udongo.
Ina milango mitatu, jiko moja,
mabinti wawili, mbwa wawili.
Hesabu yake haijawahi kutoka sawasawa.

Wangu ni Waseme. Jina alimpa baba,
likiwalenga majirani wa ng'ambo ya mtaro.
Wa dada yangu Holo ni Katoro,
kwa kuwa huko ndiko alikookotwa,
kwenye mashimo ya dhahabu
ambako Holo alimwacha mume, akaondoka na mbwa.

Walianza siku ya arobaini,
wageni wakiwa bado na wali mdomoni.
Kisa ni mfupa, walisema.
Mfupa niliuona: ulikuwa sahanini mwa shemeji,
haujaguswa na mbwa wala mtu.

Mara ya pili nilitia mkono katikati.
Usitie mkono katikati.
Nina mistari minne hapa, chini ya kiwiko,
na sindano za Sekou Toure niliozihesabu kwa nauli,
na meno yale yalikuwa ya nani
Holo anajua. Mimi pia najua.
Tunataja mbwa tofauti.

Magesa wa mifugo alikuja na pikipiki,
akakalia ndoo iliyopinduliwa,
akawatazama nusu saa kila mmoja na kamba yake.
"Hawa hawagombei chakula," akasema.
"Wanagombea kizingiti."
Akatufunza: msipige kelele,
kelele kwao ni ushabiki.
Gongeni mifuniko ya sufuria. Mwageni maji.
Ikishindikana, kila mtu ashike wake miguu ya nyuma,
arudi kinyumenyume kama anayevuta toroli,
wakati mmoja.
"Wakati mmoja," akarudia,
akitutazama sisi, si mbwa.
"Akivuta mmoja, anamshikilia wake ang'atwe."

Basi tukajifunza kuhesabu.
Moja, mbili, tatu:
maneno ya kwanza kuyasema pamoja
tangu kikao cha ukoo.

Siku hizi tuna ratiba, kwa mkaa, ukutani jikoni.
Asubuhi uani ni kwa Waseme, Katoro chumbani.
Saa saba tunabadilisha, kama walinzi wa benki.
Mapanki nachemsha mimi, anagawa yeye,
sufuria mbili, pande mbili za nyumba,
harufu peke yake ndiyo inayozunguka bila ruhusa.
Jioni tunateremka kuelekea Mwaloni,
yeye upande wa maji, mimi upande wa mawe,
hatua thelathini baina yetu.
Kufika vuli zilikuwa kumi na mbili.
Hapo zimegoma.

Ila kuna usiku mmoja.
Ziwa lilipandwa na wazimu, radi ikawa inapasua juu ya Bismarck,
bati la sebuleni likaanza kuimba peke yake.
Komeo lilikatika, sijui la mlango upi.
Tulipowasha tochi wote wawili walikuwa uvunguni,
chini ya kitanda cha baba, ubavu kwa ubavu,
wakitetemeka kwa mtetemeko mmoja.
Tukapanda kitandani, mimi na Holo,
miguu juu, bila kupumua sana,
tukakaa hivyo mpaka adhana.
Alinuka sabuni ya mama. Sikumwambia.

Asubuhi walipigana tena.
Kandambili, safari hii.
Tukahesabu. Tukavuta.
Holo akaloweka kitambaa kwenye maji ya chumvi,
akaanza na sikio la Waseme
kabla ya kumgeukia wake,
na mimi nikajifanya natafuta ufagio.

Komeo jipya ni la chuma, tulichanga.
Usiku, taa ikishazimwa, sauti hupita ukutani:
"Umefunga?"
"Nimefunga. Na wewe?"
Hajibu. Husubiri nisikie chuma
kikiingia mahali pake.